Jinsi Mji wa Nairobi Ulivyokimeza Kijiji cha Pangani

Mtu atokaye soko la Gikomba, akapita Majengo ya Pumwani na kuelekea kaskazini, baada ya mwendo mfupi wa miguu hufika Pangani. Huko ataona barabara kubwa iendayo Thika, magari yasiyokatika mchana wala usiku, nyumba za mawe na za ghorofa, maduka na shule. Hapana kitu kimwonyeshacho kwamba mahali pale palikuwa na kijiji cha Waafrika kilichoanza katika siku za kwanza za Nairobi, wala kwamba kijiji hicho kilibomolewa katika miaka ya 1938 na 1939. Kilichosalia ni jina tu. Na jina lenyewe si la bara: Pangani ni bandari ya kale katika pwani ya Tanzania, hapo mto Pangani unapoingia baharini, na katika siku za misafara ilikuwa mlango mmojawapo wa kuendea bara.

Habari za kijiji hiki zafaa kujulikana hata leo, maana katika Pumwani na mitaa iliyo karibu nayo swali moja limeulizwa tangu siku za mababu: yawezekanaje nyumba iwe ya mtu, na kiwanja kilicho chini yake kisiwe chake? Jibu laanzia Pangani.

Reli ya Uganda ilifika mahali paitwapo Nairobi mwishoni mwa mwezi wa Mei, 1899. Palikuwa ni uwanda wenye matope, na Wamasai walipaita kwa jina la maji baridi. Wakuu wa reli walihamisha makao yao kutoka Mombasa wakayaweka hapo, na palipo na makao ya reli hapakosi watu. Walikuja mafundi na wenye maduka kutoka Bara Hindi, wakaja askari, makarani na vibarua. Pamoja nao walikuja watu waliokuwa wameizoea njia hiyo kabla ya reli, yaani Waswahili wa misafara: wapagazi, wapishi, wakalimani na wachuuzi. Mzigo wa nguo uliofungwa kwa kadiri ya kuchukuliwa na mpagazi mmoja uliitwa mtumba, na neno hilo halijafa, kama itakavyoonekana mbele. Reli ilipowaondolea kazi ya mabegani, wengi wao hawakurudi pwani. Walijenga pale pale walipokuwa, kwa fito na udongo, wakaezeka kwa nyasi, na baadaye kwa mabati na madebe ya mafuta yaliyokatwa na kupondwa yakawa bapa.

Ndivyo vilivyozaliwa vijiji vya Nairobi. Pangani kilikuwa kimoja tu. Kulikuwa na Mji wa Mombasa, ambao jina lake laeleza watu wake walitoka wapi. Kulikuwa na Maskini, na Kaburini, na majina hayo hayahitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Upande wa magharibi kulikuwa na Kileleshwa. Na mbali zaidi, katika msitu ulio kusini-magharibi, kulikuwa na Kibera, mahali walipokaa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao.

Kijiji kama Pangani hakikuwa kambi ya wapita njia. Nyumba zake zilijengwa kwa mtindo wa pwani: mlango wa mbele na baraza yake, ukumbi katikati ukipita hata nyuma, vyumba kuume na kushoto, na ua wa kupikia na kufulia. Nyumba ya namna hiyo ni makao, tena ni shamba. Mwenyewe hukaa chumba kimoja, na vyumba vingine hupangishwa. Kibarua aliyetoka Murang'a, Machakos au Nyanza, asiye na jamaa mjini, alipata hapo mahali pa kulala na mtu wa kumwonyesha desturi za mji. Mji ulimtaka mtu huyo kwa kazi yake, lakini haukuwa umemjengea nyumba ya kutosha. Waliomjengea ni wanakijiji wenyewe, kwa fedha zao.

Na katika wanakijiji hao wenye nyumba, wanawake walikuwa wengi. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa halikuwa la kawaida katika nchi siku zile. Katika makabila mengi ya bara ardhi ilirithiwa na watoto wa kiume. Mwanamke aliyekimbia ndoa mbaya, au mjane, au yule asiyejaliwa mtoto, hakuwa na shamba aliloweza kuliita lake. Nairobi wanawake wa namna hiyo walipata fedha kwa njia nyingi: waliuza chakula na mboga, walipika pombe, na wengine, wala haifai kulificha, waliishi kwa umalaya. Waliojaliwa kuweka akiba walinunua fito, wakaajiri mafundi, wakajenga. Wengi walisilimu, wakachukua majina na mavazi ya pwani, wakawa watu wa mji. Mwanamke mwenye nyumba ya vyumba sita Pangani alikuwa na pato la kila mwezi, na heshima, na kitu cha kumwachia binti yake au mtoto aliyemlea. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa kibanda tu kwake. Ilikuwa ndiyo mali yake yote duniani.

Lakini nyumba ilisimama juu ya ardhi, na ardhi ilikuwa na habari zake. Kwa sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915, Serikali ya Kiingereza ilijitwalia mamlaka juu ya ardhi yote isiyokuwa na hati, na kuihesabu kuwa ya Mfalme. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya ilikata shauri moja la shamba la Wakikuyu, ikasema kwamba Waafrika walikuwa wakikaa katika ardhi ya Mfalme kama wapangaji wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Ikiwa mkulima aliyezaliwa katika shamba la babu yake aliambiwa hivyo, mwanakijiji wa Pangani angeambiwaje? Yeye hakuwa na hati, hakuwa na mzee wa ukoo wa kumshuhudia, wala hakuwa mwenyeji wa mahali hapo kwa kuzaliwa. Alikuwa na nyumba.

Hata hivyo huenda vijiji vingeachwa kama mji usingalikuwa ukikua. Mwaka 1900 mipaka ya Nairobi ilizunguka nchi ya kilometa za mraba zipatazo 18 tu. Kufikia 1927 zilikuwa 77. Kadiri mji ulivyotanuka, wakuu wake waliutazama kwa jicho la kugawanya: milima ya magharibi na kaskazini, yenye hewa nzuri na udongo mwekundu, iwe ya Wazungu, Ngara, sehemu za Parklands, na baadaye Eastleigh, ziwe za Wahindi, na Waafrika wapelekwe mashariki, katika nchi tambarare yenye udongo mweusi unaofanya tope wakati wa mvua. Sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa afya. Tauni iliwahi kuingia Nairobi mwaka 1902, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa ajili yake. Mwaka 1913 aliletwa Profesa W. J. Simpson, bingwa wa mambo ya afya, kuitazama miji ya nchi hii. Naye akashauri kwamba watu wa rangi mbalimbali wakae mbalimbali. Ni kweli kwamba vijiji havikuwa visafi. Nyumba zilisongamana, na vyoo vilikuwa vya mashimo. Lakini dawa ya uchafu ni maji na mifereji, nayo ingeweza kupelekwa mahali watu walipokuwa. Wakuu wa mji walichagua kubomoa.

Shauri la kuwakusanya Waafrika mahali pamoja lilikuwa limezungumzwa tangu 1911. Vita Kuu ya 1914 ililichelewesha, na baada ya vita, kuanzia 1919, likashikwa tena. Mahali palipochaguliwa ni mashariki ya mji, karibu na mto Nairobi, na pakaitwa Pumwani. Watu husema kwamba jina hilo latokana na kupumua, yaani mahali pa kutua na kuvuta pumzi baada ya kuhamishwa huku na huku. Viwanja vilipimwa kwa mistari, na kufikia 1921 watu walikuwa wakigawiwa. Mwenye kiwanja alijijengea nyumba kwa gharama yake mwenyewe, kwa mtindo ule ule wa ukumbi na vyumba, na kulipa kodi ya kiwanja kwa Baraza la Mji. Mahali hapo pa nyumba za watu binafsi ndipo paitwapo Majengo hata leo.

Baada ya hapo vijiji vilianza kutoweka kimoja kimoja. Maskini, Kaburini na Mji wa Mombasa viliondolewa katika miaka ya kwanza baada ya 1920, na Kileleshwa kabla ya miaka hiyo kumi kwisha. Pangani kilibaki. Hakikubaki kwa kuhurumiwa. Kilibaki kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuwaweka watu wake. Pumwani ilijaa upesi, na kila kijiji kilichobomolewa kiliwasukuma wapangaji wake katika vijiji vilivyosalia. Kwa muda wa miaka kumi na mitano na zaidi wenye nyumba wa Pangani waliishi wakijua kwamba wametakiwa kuondoka, lakini siku ya kuondoka hawakuijua. Msomaji aweza kufikiri mwenyewe kama mtu wa namna hiyo atatengeneza paa lake au ataliacha livuje. Kisha kuvuja kwa mapaa kukahesabiwa kuwa sababu nyingine ya kukibomoa kijiji.

Mwaka 1938 Baraza la Mji lilijenga mtaa mpya kusini ya Pumwani kwa ajili ya kuwapokea watu wa Pangani. Mtaa huo ni Shauri Moyo. Kwa neno hilo mtu angedhani kwamba kuhama kulikuwa hiari ya moyo wa kila mmoja. Kufikia mwisho wa 1939 kijiji kilikuwa kimekwisha, na mahali pake pakatengenezwa kwa nyumba za mawe, nyingi zikiwa za Wahindi.

Kwa macho, nyumba za Shauri Moyo zilikuwa bora kuliko za kijijini: kuta imara, mistari iliyonyoka. Lakini zilikuwa mali ya Baraza la Mji. Yule aliyekuwa mwenye nyumba Pangani, akipokea kodi, sasa alikuwa mpangaji kama wengine. Kwa sheria ile ya ardhi, kilichoweza kufidiwa ni fito, udongo na mabati, maana kiwanja hakikuwa chake. Na bei ya kiwanja, ambayo ilikuwa ikipanda kila mji ulipokaribia, haikumhusu. Mwanamke aliyekusudia kumwachia binti yake nyumba sasa alikuwa na kitu kidogo sana cha kuacha. Na tangu Shauri Moyo, Baraza la Mji lilishika njia hiyo hiyo ya kujenga na kupangisha: Ziwani, Starehe, Kaloleni, kisha katika miaka ya 1950 Bahati, Mbotela na Ofafa. Watu wa mashariki ya Nairobi wakawa, kwa sehemu kubwa, watu wa kulipa kodi.

Mji kukimeza kijiji si jambo la Nairobi peke yake. Ulaya limetokea mara nyingi, na mfano mmoja wa Ujerumani watosha kuonyesha tofauti. Nje kidogo ya Berlin palikuwa na kijiji kiitwacho Schöneberg, chenye kanisa lake na wakulima wake. Baada ya 1871, Berlin ilipokuwa makao makuu ya Dola ya Ujerumani na kuanza kukua kwa kasi, mji uliyahitaji mashamba yale. Lakini kila shamba lilikuwa limeandikwa katika daftari la ardhi kwa jina la mwenyewe, na hapana aliyeweza kulichukua bila kulinunua. Wakulima wakauza kidogo kidogo, kwa bei ya mjini, hata wakatajirika kupita kiasi, na watu wa Berlin wakawaita wakulima mamilionea. Walijijengea majumba katika barabara ile ile ya kijiji chao. Tarehe 1 Oktoba, 1920, kwa sheria moja, Berlin iliunganishwa na miji mingine 7, vijiji 59 na maeneo 27 ya mashamba makubwa, ikawa mji wa watu wapatao milioni 3.8. Schöneberg ulikuwa mmoja wa miji hiyo saba, kwa kuwa kijiji kilikuwa kimekwisha pata cheo cha mji. Kanisa la zamani la kijiji bado lipo. Miaka hiyo hiyo ya 1920 ndiyo Maskini na Kaburini vilipofutwa.

Mtu asidhani kwamba tofauti hii ni ya Wazungu na Waafrika. Nairobi yenyewe ina mfano wake. Mwaka 1963 mipaka ya mji ilitanuliwa tena, ikafika kilometa za mraba zaidi ya 680, na ndani yake vikaingizwa vijiji vya Dagoretti vilivyokuwa sehemu ya Kiambu: Kangemi, Kawangware, Riruta, Waithaka na vinginevyo. Watu wa huko waliamka asubuhi wakiwa raia wa mji bila ya kuhama hata hatua moja. Lakini walikuwa wamepata kitu ambacho Pangani haikupata kamwe. Katika miaka ya 1950, kwa mpango ulioitwa wa Swynnerton, mashamba ya Wakikuyu yalipimwa, yakaunganishwa, na wenyewe wakapewa hati. Mpango huo ulikuwa na makosa yake, na wako waliopoteza mashamba wakiwa vizuizini. Hata hivyo, mji ulipofika, mwenye hati aliweza kujenga vyumba vya kupangisha mahali palipokuwa na mahindi, na hapana aliyekuja kumwambia avunje kwa kuwa ardhi ni ya Mfalme.

Kibera ilikuwa kati ya mambo haya mawili. Wanubi walitengewa na Serikali ya wakati ule nchi ya ekari zaidi ya 4,000, lakini kwa sharti la kijeshi, bila hati. Mji uliwazunguka, watu wengine wengi wakaingia, mitaa mipya ikakatwa humo. Hati waliipata mwezi wa Juni, 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288.

Na Pumwani? Majengo hayakubomolewa kama Pangani, ingawa mpango mkuu wa mji wa 1948 na mipango mingine baada yake iliyatazama kama mahali pa kujengwa upya, na sehemu moja ikajengwa nyumba za ghorofa. Nyumba za ukumbi na vyumba bado zipo, nyingine zikiwa zimeshonwashonwa kwa mabati kiasi cha kutoonekana ukuta wa kwanza. Wajukuu wa wenye nyumba wa kwanza wanapokea kodi ya vyumba. Uhuru ulipokuja, Mfalme aliondoka katika sheria, na ardhi ikawa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, na tangu 2013 mikononi mwa Kaunti. Lakini kwa mwenye nyumba mabadiliko hayo yalikuwa ya jina la anayemlipa kodi ya kiwanja. Kwa hiyo kila atokeapo mtu mwenye ramani na kamba ya kupimia, habari huenea Majengo upesi kuliko moshi.

Pembeni ya Majengo, kando ya mto, soko la Gikomba limekuwa likikua tangu siku za mafundi wa mbao na mabati hata likawa soko kubwa kuliko yote ya nguo kuukuu katika Kenya. Nguo hizo huitwa mitumba. Neno la mpagazi wa Pangani limerudi karibu na kijiji chake, na sasa robota huja kwa meli na lori, likafunguliwa alfajiri huku wanunuzi wamesimama. Maelfu ya watu hula kwa soko hilo: wauzaji, wachukuzi, washona nguo, wapiga pasi, wauza samaki, mama wa chakula. Nalo vilevile limesimama, kwa sehemu kubwa, juu ya ardhi isiyo na hati ya yule anayeitumia. Soko limeungua mara nyingi. Katika moto wa tarehe 28 Juni, 2018, watu 15 walikufa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Kila baada ya moto wauzaji husikia maneno kwamba mahali pale patakiwa kwa kazi nyingine, na maneno hayo yawe ya kweli au ya uongo, hawangoji kuyahakikisha. Majivu yakiwa bado yana joto, huonekana watu wakichimbia nguzo mpya, kila mmoja mahali pake pale pale, kwa kipimo kile kile cha jana. Maana asiye na karatasi hujulikana kwa kuwapo, na akilala nyumbani siku tatu aweza kukuta nguzo za mtu mwingine.